Misikiti ya Kale ya Pwani: Nani Aliyeijenga, na Nani Anufaike Nayo

Katika darasa la itikadi tuliloendesha Segese, wilayani Kahama, tulifika kwenye somo la miji ya kale ya pwani, tukaanza kueleza habari za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Hatujafika hata nusu ya maelezo, ndugu mmoja aliyekaa nyuma, mchimbaji mdogo aliyekuja darasani na vumbi la karasha bado likiwa nguoni, akainua mkono. Alisema: "Ndugu Mkufunzi, hapa watu wanashuka katika maduara alfajiri, na wengine hawapandi tena. Msikiti uliobomoka huko Kilwa unatuhusu nini?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali lilikuwa la haki, na jibu tulilompa lilikuwa la mkato: kwamba ule ni urithi wa taifa na ni kivutio cha watalii. Yeye akakaa. Hakuridhika, na ukweli ni kwamba hata sisi hatukuridhika. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile kama lilivyostahili kujibiwa siku ile.

Tuanze na jengo lenyewe, maana makada wetu wengi wamezoea kulitaja bila kulijua. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kinachotazamana na mji wa Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Mtu huvuka mlango wa bahari kwa mashua au jahazi. Msikiti Mkuu una sehemu mbili zinazoonekana wazi. Sehemu ya kaskazini, iliyo ndogo, ndiyo ya zamani zaidi, nayo ni ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu ya kusini, iliyo kubwa mara nyingi zaidi, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikaezekwa kwa kuba na matao ya mawe. Paa hilo lilikuja kuanguka. Nguzo za mwanzo, zilizochongwa kila moja katika jiwe zima la tumbawe, hazikuhimili uzito, na katika karne ya 15 zikajengwa nguzo nyingine za pembe nane, za mawe na chokaa. Hizo ndizo anazozikuta mgeni leo. Katika misikiti ya kale ya mawe iliyojengwa upande huu wa Afrika, huu ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa.

Kiongozi wa watalii humweleza mgeni uzuri wa matao. Hilo ni jema. Lakini mtu aliyefundishwa kutazama historia kwa jicho la kazi hana budi kuuliza swali la pili: je, jiwe hili lilifikaje hapa? Mihrabu na kingo za milango zilichongwa kwa tumbawe laini, linalotolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka, kisha likawa gumu. Hiyo maana yake ni watu kuingia majini na kulikata. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, na hiyo maana yake ni watu kufyeka miti, kuibeba, kuipanga, kuchochea moto na kusubiri. Boriti za mikoko zilikatwa katika maji ya chumvi. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi urefu fulani, vyumba vya nyumba za mawe za pwani nzima vikawa vyembamba na virefu, kwa kiasi cha upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Mwashi wa Kilwa aliyetaka kupita kipimo hicho ilimbidi ajifunze kujenga kuba. Kwa hiyo kuba za Msikiti Mkuu, pamoja na kuwa pambo, ni ushahidi kwamba kulikuwa na ziada kubwa ya mali ya kuwalisha mafundi na vibarua kwa misimu mingi wasilime wala wasivue.

Ziada hiyo ilitoka wapi? Hapa ndipo yule ndugu wa Segese alipokuwa karibu na jibu kuliko alivyodhani. Ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika dhahabu.

Hatusemi dhahabu ya Geita. Tunalisema hili mapema kwa sababu baada ya darasa lile vijana wawili walitufuata wakitaka tukubali kwamba Kilwa ilijengwa kwa dhahabu ya kwao. La hasha. Dhahabu ya Geita iliingia katika maandishi mwaka 1898, wakati wa Wajerumani, na uchimbaji mkubwa ukafuata katika miaka ya 1930. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na kutoka hapo ikapelekwa kaskazini kwa majahazi. Sababu ya Kilwa kuishika biashara hiyo ni pepo. Jahazi kutoka Arabuni au Bara Hindi liliweza kuja na kaskazi, kufika Kilwa na kurudi na kusi katika msimu mmoja. Lililotaka kufika Sofala lililazimika kukaa zaidi. Basi mabwana wa Kilwa wakajiweka katikati. Walikuwa na bandari, maghala na majahazi ya kusini. Dhahabu hawakuichimba. Tukitumia lugha ya Segese, Kilwa haikuwa duara, wala haikuwa karasha. Kilwa ndiye aliyekuwa ameshika mzani.

Tulipolieleza jambo hili kwa namna hiyo, katika kipindi kilichofuata, darasa zima lilinyamaza, kwa kuwa hakuna mtu wa Segese anayehitaji kuelezwa tofauti ya mwenye sururu na mwenye mzani.

Ushahidi wa uhusiano huo upo. Katika magofu ya Great Zimbabwe ilipatikana sarafu moja ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani yuleyule aliyeupanua msikiti. Upo na ushahidi mwingine usiopendeza. Katika mashimo ya kale ya dhahabu ya nyanda zile, ambayo mengi yalikuwa membamba kiasi cha kupita mtu mdogo wa mwili, wachunguzi walikuta mifupa ya watu waliofukiwa na kifusi, miongoni mwao wanawake. Majina yao hayako katika tarehe yoyote ya masultani, ila kazi yao imo katika kuta za Kilwa.

Wala tusidhani kwamba utajiri wa Kilwa ulikuwa wa dhahabu na biashara tupu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa, akausifu mji na akamsifu sultani kwa ukarimu wake, hata watu walikuwa wakimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Anasimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemeni alivyomwomba sultani nguo alizovaa, akapewa. Mwana wa sultani akazichukua tena na kumpa yule fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani, aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo chake, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaisimulia habari hii kuonyesha ukarimu. Msomaji wetu ataihesabu kwa upande wa pili: watu 20 walibadilishana na suti moja ya nguo. Msafiri huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akifanya vita katika nchi za bara na kuleta ngawira, na sehemu ya tano ya ngawira hiyo aliitenga kwa mambo ya dini. Ukabaila wa pwani, kama ukabaila wa kila mahali, ulikuwa na ibada yake ya kweli na unyonyaji wake wa kweli, na vyote viwili vilikaa chini ya kuba moja.

Sasa tuje kwenye suala la nani aliyejenga, maana hapa pana makosa mawili, na moja ni letu.

Kosa la kwanza ni la wakoloni. Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa na Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi, kwa nguo nyingi za kutosha kukizunguka. Waandishi wa kikoloni waliishika hadithi hiyo wakaifanya hati ya umiliki: miji ya mawe ni ya wageni, Mwafrika alikuwa mbeba mawe tu. Kasumba hiyohiyo iliwafanya waseme kuwa Great Zimbabwe ilijengwa na Wafoinike. Uchimbaji wa mambo ya kale umeivunja hadithi hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulikuta, chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe, mabaki ya misikiti mingine iliyofuatana mahali palepale, na ile ya mwanzo kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa midogo na ya miti na udongo. Yaani msikiti wa pwani haukushushwa kutoka melini ukiwa tayari. Ulikua hatua kwa hatua, toka miti hadi mawe, katika kijiji cha watu waliokuwa wakilima, wakivua na kufinyanga vyungu vya Kiafrika.

Kosa la pili tulilifanya sisi wakufunzi. Kwa hamu ya kumjibu mkoloni, tulifundisha kwa miaka kadhaa kwamba hakukuwa na mgeni hata mmoja, na kwamba Ushirazi wote ni majivuno ya makabaila waliotaka nasaba. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Ulionyesha kwamba kwa upande wa kina mama asili ya watu wa miji hiyo ni Afrika kwa sehemu kubwa sana, na kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 waliingia wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, wakaoa na kuzaa hapa. Kwa hiyo wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa waongo, na wakoloni walioitumia hadithi hiyo kumnyang'anya Mwafrika mji wake hawakuwa wakweli. Mwenye kufundisha historia hujisahihisha hadharani kama alivyokosea hadharani, nasi tunafanya hivyo hapa. Lugha ya nyumba zile ilikuwa Kiswahili, na mama wa nyumba alikuwa mtu wa hapa.

Kuanguka kwa Kilwa tutakupitia kwa haraka, kwa sababu vitabu vingi vinakueleza. Mwezi Julai 1505 manowari za Wareno zikiongozwa na Francisco de Almeida ziliupora mji, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512; biashara ya dhahabu ilikwishavunjika. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mji uliotajirika kwa kushika mzani wa dhahabu ukaishia kupima watu.

Baada ya hapo kuta zilibaki kwa wavuvi na mibuyu. Kati ya mwaka 1960 na 1965 Neville Chittick alifanya uchimbaji mkubwa, na vitabu vyake viwili juu ya Kilwa vikatoka mwaka 1974. Jamhuri yetu changa ilitunga Sheria ya Mambo ya Kale mwaka 1964. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, maana bahari ilikuwa ikila ufuo na mvua na mizizi vikibomoa kuta, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari, baada ya kazi ya kuimarisha kuta na kupanda mikoko ufukoni. Katika kazi hiyo wakazi wa visiwa walichanganya chokaa na kupanga mawe upya. Kazi ileile ya karne ya 14, safari hii kwa ujira. Jambo hili tunaliona kubwa kuliko cheti chochote.

Tunafika sasa kwenye utalii, na hapo swali la mzani linarudi. Mgeni anayefika Kilwa Masoko hulipa kiingilio cha serikali, humlipa mwenye mashua, humlipa kiongozi wa kumtembeza, hula mahali na hulala mahali. Katika miaka ya karibuni hata meli za kitalii kutoka nje zimekuwa zikitia nanga pale. Kada anayeitazama safari hiyo hesabu yake iwe rahisi: katika kila shilingi ya mgeni, ni senti ngapi zinavuka mlango wa bahari na kukaa kisiwani? Mwenye mashua ni mtu wa kijiji au ni wakala wa mjini? Mama aliyepika samaki alilipwa na mgeni, au alilipwa na kampuni baada ya miezi mitatu? Serikali ya kijiji inatakiwa kubandika mapato na matumizi mahali pa wazi. Je, yamebandikwa, na yanasomeka? Hayo ni maswali ya kazi ya Chama katika tawi, na hayahitaji mtaalamu wa magofu. Mwananchi asiyeona faida ya gofu atachukua mawe yake ajengee zizi, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Usimamizi wa magofu ya Kilwa nao umewekwa katika miaka hii chini ya TAWA, mamlaka ambayo kazi yake ya asili ni wanyamapori. Ina askari na ina uzoefu wa kukusanya kiingilio, na hilo ni jambo la maana. Lakini msikiti si tembo. Tembo haulizi kama mgeni amevua viatu.

Tunasema hivyo kwa sababu baadhi ya majengo haya bado ni nyumba za ibada. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jengo linaloonekana sehemu yake kubwa ni la matengenezo ya karne ya 18, na mpaka leo watu wanaswali humo. Mgeni hukaribishwa, huvua viatu, huvaa mavazi ya heshima, husubiri swala iishe. Wenye msikiti hawakumfukuza mgeni wala hawakumwachia mihrabu afanye apendavyo. Masharti wameyaweka wao wenyewe. Kilwa, ambako swala tano haziswaliwi tena katika Msikiti Mkuu, pana makaburi ya wazee wa watu walio hai, na adabu inayotakiwa ni ileile.

Nasi wa bara je? Segese haina msikiti wa karne ya 14. Ila Msalala ilikuwa katika njia za misafara iliyopanda kutoka Tabora kuelekea Ziwa Viktoria. Speke alipita huko mwaka 1858 akienda ziwani. Na misafara haikuwa ya Waarabu peke yao. Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wachukuzi na wafanyabiashara kwa haki yao wenyewe. Msiri, aliyeanzisha dola yake Katanga, alitoka Usumbwa. Watu hao walishuka kila mwaka na pembe hadi Bagamoyo, ambako kiasi cha kilomita tano tu kutoka mjini yapo magofu ya Kaole, na msikiti wake unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Walirudi na nguo, shanga na maneno ya Kiswahili, na baadhi yao walirudi wakiwa Waislamu. Uislamu wa Kahama na Tabora ulibebwa mabegani mwa wachukuzi hao.

Hapa sheria ina mpaka ambao makada wengi hawaujui. Sheria ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misikiti mingi na matembe ya zama za misafara huku kwetu yako baada ya mwaka huo, kwa hiyo hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze katika Gazeti la Serikali. Na Waziri hawezi kutangaza jengo ambalo hakuna mtu aliyeandika kwamba lipo. Wakati huohuo matofali mabichi yananyeshewa, na misikiti ya zamani inavunjwa kwa nia njema kabisa ili ijengwe mipya yenye vigae.

Ndiyo sababu tuliwapa wanafunzi wa Segese kazi ya kufanya wakiwa likizo: kila mmoja, Mwislamu au Mkristo au asiye na dini, aende kwa wazee wa kata yake aulize msikiti wa kwanza au kanisa la kwanza lilijengwa lini, ardhi ilitolewa na nani, na matofali yalibebwa na nani. Madaftari yameanza kurudi. La yule ndugu aliyeuliza swali lina kurasa sita. Tarehe ya ujenzi hakuipata, lakini ameorodhesha wanawake 11 waliochota maji ya kukandia udongo, na mbele ya majina manne ameandika: yu hai.